Makaa ya mawe yanasumbua motoni: soma dalili kabla ya kulaumu boila

Makaa ya mawe yanayochomwa Mwanza yametoka mbali. Mgodi wa Ngaka uko Mbinga, mkoani Ruvuma, zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori, na ule wa Kiwira nao si jirani. Njiani yanamwagwa na kupakiwa upya, yanasagika, yananyeshewa. Ndiyo maana shehena mbili za mgodi mmoja zinaweza kuwaka tofauti kabisa, na feni iliyokuwa sawa wiki iliyopita ikaleta moshi wiki hii. Malalamiko mengi ya "boila mbovu" yanaanzia hapo: makaa yamebadilika, lakini moto unaendeshwa vilevile.

Mwongozo huu ni wa anayechoma makaa kwa koleo au kwa mashine ndogo ya kulishia, iwe ni boila ya kiwanda kidogo, tanuri la kukaushia au jiko la taasisi. Kila dalili ina visababishi vyake, kuanzia vinavyojitokeza sana hadi vya nadra.

Kwanza pima makaa yenyewe

Ndani ya kaa la mawe mna vitu vinne vinavyoamua tabia yake motoni: maji, gesi tete, yaani zile zinazotoka kaa likipata joto na kuwaka kwa miali mirefu, kaboni ngumu, inayobaki ikiwaka taratibu kwa wekundu, na jivu, ambalo haliwaki kabisa. Maabara itakupa namba kamili, na mwenye kununua tani nyingi aidai kwa muuzaji. Lakini uani kwako unaweza kupima mambo manne kwa mizani ya jikoni.

Chukua koleo moja kutoka sehemu kama kumi tofauti za shehena, zikiwemo za ndani, changanya, kisha toa sampuli yako humo. Usichukue mabonge ya juu pekee. Hayo ndiyo yanayopendeza macho.

*Maji ya juu.* Tandaza kilo 1 kwenye sinia, kivulini penye upepo, siku nzima. Ikirudi gramu 920, umenunua asilimia 8 ya maji. Maji yaliyo ndani ya vitundu vya kaa hayatoki hivi. Hayo hupimwa maabara kwa nyuzi 105.

*Chenga.* Chekecha kilo 10 kwa wavu wenye matundu ya milimita 5 hivi. Chenga zikizidi theluthi ya uzito, wavu wa moto wa kawaida, yaani vyuma vinavyobeba makaa yakiwaka, utasumbuka.

*Jivu.* Saga gramu 100 za makaa makavu, choma nje kwenye bati jembamba juu ya moto mkali hadi weusi wote uishe, kisha pima. Kilichobaki ndicho jivu. Makaa yenye jivu asilimia 12 na yenye asilimia 28 si bidhaa moja, hata kama yanauzwa kwa bei moja.

*Kugandamana.* Tia kijiko cha unga wa makaa kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, lizike kwenye moto mwekundu hadi gesi iache kutoka tunduni. Likipoa, fungua. Unga uliobaki unga haugandamani. Uliogeuka kitonge kigumu kilichovimba utafanya ukoko juu ya moto wako na kuzuia hewa kupita.

Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe ya shehena. Bila daftari utakuwa unakisia kila mara.

Dalili ya 1: Moshi mweusi dohani kila ukipakia makaa

Moshi mweusi ni gesi tete zilizotoka bila kuungua: ama zimekosa hewa, ama zimekosa joto, ama zimekosa nafasi ya kuwakia kabla ya kugusa chuma baridi cha boila. Sehemu kubwa ya gesi hizo hutoka dakika za mwanzo baada ya kupakia. Basi anza kwa kutazama saa. Moshi ukija dakika mbili tatu kisha ukakata, kosa ni la upakiaji. Usipokata, hewa haitoshi.

Kisababishi cha kwanza, kinachozidi vingine vyote, ni kupakia mengi kwa mara moja. Koleo kumi kila nusu saa zinafunika moto wote, zinaupoza, na gesi zote zinatoka kwa pamoja. Pakia kidogo kidogo: koleo mbili au tatu kila dakika tano hadi saba, upande wa kushoto zamu hii, kulia zamu ijayo, ili siku zote pawe na eneo jekundu la kuwasha gesi zinazopanda. Njia nyingine, nzuri zaidi kwa makaa yenye gesi nyingi, ni kulundika makaa mapya karibu na mlango, kuyaacha yatoe gesi zake zipite juu ya moto mwekundu ulio nyuma, kisha kuyasukuma ndani yakishaacha kutoa miali mirefu.

Cha pili ni hewa ya juu kufungwa. Hewa inayopita chini ya wavu huchoma kaboni ngumu. Gesi tete zinahitaji hewa yake juu ya moto, kiasi cha sehemu ya kumi hadi ya tano ya hewa yote. Fungua matundu ya mlangoni mara baada ya kupakia, yapunguze miali ikifupika. Wengi huyaziba wakidhani yanaingiza baridi. Yakiachwa wazi muda wote huingiza baridi kweli, ndiyo maana yanafunguliwa na kufungwa.

Cha tatu ni chenga nyingi au makaa yaliyolowa. Chenga hujaza mianya, hewa inapenya sehemu chache kwa nguvu na kwingine haifiki. Chekecha. Chenga usizitupe: zinafaa kutengenezea mkaa mbadala wa kubana.

Cha nne kinahusu mahali tulipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mji uko juu yake kidogo, hivyo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Kilo 1 ya makaa mazuri inahitaji kama kilo 10 za hewa. Pwani hizo ni mita za ujazo 8.5 hivi, Mwanza zinafika 9.7. Moto wa koleo unahitaji nusu nyingine ya ziada, hivyo hesabu mita za ujazo 14 hadi 15 kwa kila kilo. Anayechoma kilo 100 kwa saa anahitaji feni ya mita za ujazo 1,450 kwa saa hapa hapa, si kwenye jedwali la usawa wa bahari. Mvuto wa dohani nao unapungua kwa uwiano uleule. Kabla ya kununua feni mpya lakini, kagua mdomo wa iliyopo: vumbi na wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huziba wavu wake hadi hewa ikabaki nusu.

Cha mwisho ni makaa yenye gesi nyingi kwenye boila yenye chumba kifupi cha moto. Miali inafika kwenye mabomba haijamaliza kuungua. Hapo hakuna marekebisho ya koleo. Tafuta makaa yenye gesi chache, au fundi aongeze tao la matofali ya moto.

Rangi nayo inasema. Mweupe mzito asubuhi ni mvuke wa maji ya makaa mabichi. Wa manjano ya kahawia, mzito, unaotambaa juu ya makaa bila mwali, ni gesi isiyowaka, na huo ni hatari.

Acha hapo: moto ukiruka nje ya mlango, au kukatokea mlipuko mdogo ndani, usipakie tena na usichungulie. Gesi zilijikusanya juu ya moto uliofunikwa, kisha zikashika zote. Simama pembeni, fungua kikamilifu dampa, yaani bamba la kufungua na kuziba dohani, acha gesi zitoke. Likijirudia, zima kazi na uite fundi wa boila akague dohani na njia za moshi.

Dalili ya 2: Makaa hayashiki, au yanashika kisha yanafifia

Maji ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa masika na vuli. Wengi hudhani hasara ya maji ni joto linalotumika kuyachemsha. Fanya hesabu: tani yenye asilimia 8 ya maji ya juu ina kilo 80 za maji, kuyageuza mvuke kunakula joto la kama kilo 8 za makaa. Hasara kubwa ni nyingine: umelipia kilo 80 za maji kwa bei ya makaa, na moto unachelewa kushika kwa sababu kaa halitoi gesi hadi likauke. Weka akiba ya siku mbili au tatu chini ya paa, juu ya sakafu iliyoinuka. Turubai lililolala juu ya rundo bila nafasi ya hewa halikaushi, linafuga jasho.

Kisha angalia gesi tete. Makaa magumu yanayong'aa, yenye gesi chini ya asilimia 10, hushika kwa shida na yanahitaji kitanda kikubwa cha moto wa kuni kavu kwanza. Washa kuni hadi ziwe makaa mekundu, tandaza makaa ya mawe unene wa sentimita 5 tu, subiri yashike, ndipo uongeze. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), nao unataka subira hiyo: usiumwagie maji, usiuvunjevunje, na upange vitonge vikiwa na mianya katikati. Jiko lake liwe na nafasi ya majivu chini, maana jivu lake ni jingi kuliko la mkaa wa miti.

Baada ya hapo ndipo uangalie jivu lililozidi na mvuto wa dohani. Kwenye mitaa ya miambani, dohani iliyo chini ya kilele cha jabali la jirani husukumiwa moshi chini upepo wa ziwa unapogeuka. Ukiona moto unafifia saa zilezile kila siku, tazama upepo kabla ya makaa. Dawa ni kurefusha dohani ipite jabali, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupandia.

Dalili ya 3: Majivu yanayeyuka na kuwa mabonge magumu kwenye wavu

Mabonge haya mafundi wanayaita klinka. Jivu la makaa mengi huanza kulainika kati ya nyuzi 1,100 na 1,400, na moto mkali unafika huko. Likilainika hugandamana, huziba wavu, hewa ya kupoza chuma inakatika, na vyuma vya wavu vinapinda. Wavu mpya ni ghali kuliko kukosa kazi siku nzima, basi dalili hii usiivumilie.

Mara nyingi kosa ni la mikono. Kuchokonoa moto kutoka chini kwenda juu kunainua jivu hadi kwenye eneo lenye joto kali kuliko yote, na likishuka limeshayeyuka. Telezesha chuma chini kabisa juu ya wavu, ukitikisa taratibu, bila kuinua.

Pili, tabaka nene mno na shimo la majivu lililojaa. Kwa makaa ya ukubwa wa yai, tabaka la sentimita 10 hadi 15 linatosha. Shimo la majivu litolewe kila zamu. Likikosa hewa, si tu kwamba wavu unachemka. Chuma kilichomo kwenye jivu hubadilika na kuyeyuka mapema zaidi kuliko kingeyeyuka penye hewa ya kutosha.

Tatu, mchanga wa uani. Hili linapuuzwa sana. Mchanga wa Mwanza umetokana na miamba ya graniti iliyomomonyoka, na ndani yake mna feldspa, madini yenye potasiamu na sodiamu ambayo wafinyanzi huyatumia kulainisha udongo motoni. Ukifagia makaa yaliyomwagwa chini ukayapakia na mchanga wake, umeongeza kiyeyusho kwenye jivu. Chokaa na magamba ya konokono wa ufukweni hufanya vivyo hivyo. Mwaga zege hata la sentimita 8 pale makaa yanaposhushwa.

Nne, makaa yenyewe yana jivu jepesi kuyeyuka. Jivu jekundu na klinka nyeusi, nzito, inayong'aa kama chupa zinaashiria chuma kingi. Hapa ndipo wengi huchanganya makaa mawili wakitumaini wastani. Tahadhari: jivu la mchanganyiko linaweza kuyeyuka mapema kuliko la kila moja peke yake. Jaribu kilo 50 kwanza. Karai la maji ndani ya shimo la majivu husaidia, kwani mvuke wake hupoza wavu na kuifanya klinka iwe laini kuvunjika.

Acha hapo: usimwagie maji klinka iliyoko ndani ya tanuri. Matofali ya moto yatapasuka na mvuke utakurudia usoni. Klinka iliyoshikamana na ukuta usiipige nyundo ikiwa moto. Acha tanuri lipoe saa 24, kisha aje fundi wa matofali.

Dalili ya 4: Majivu meusi, bado yana makaa

Kausha gramu 100 za majivu, choma tena kwenye bati hadi yawe ya kijivu, pima. Upungufu ndio kaboni uliyoitupa. Kwa wavu wa kawaida, gramu 10 zinavumilika. Zikizidi 20, pesa zako zinaishia jalalani. Sababu: chenga kudondoka kwenye matundu, kuchokonoa kupita kiasi, ukoko wa makaa yanayogandamana (uvunje juu juu kwa ncha ya chuma), au vyuma vya wavu vilivyolika na kuacha nafasi kubwa.

Dalili ya 5: Moto mzuri, presha haipandi

Anza na masizi kwenye mabomba. Weka kipimajoto kwenye dohani na uandike joto siku mabomba yakiwa safi. Kila linapopanda nyuzi 20 juu ya hapo, kiasi cha asilimia 1 ya makaa yako inatokea juu. Likipanda nyuzi 60, sugua mabomba. Halafu pima maji na jivu la shehena mpya: huenda kilo moja haina joto la zamani.

Acha hapo: kioo cha maji kikiwa tupu, usiingize maji boilani hata tone. Chuma kilichochemka kikikutana na maji boila inaweza kulipuka. Zima feni, funga hewa ya chini, funika moto kwa majivu yenye unyevu, watu wote watoke. Makaa ya mawe hayazimiki kwa swichi kama dizeli. Joto linaendelea muda mrefu. Boila hiyo isiwashwe tena hadi ikaguliwe na mkaguzi wa vyombo vya presha anayetambuliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Dalili ya 6: Harufu ya kiberiti, dohani inaliwa na kutu

Ni salfa. Vunja bonge: ukiona chembe za manjano zinazong'aa kama shaba, ndizo zenye salfa na chuma pamoja, na makaa hayo huleta pia klinka. Moshi wake ukipoa chini ya nyuzi 120 hadi 150 hutoa tindikali juu ya bati. Kwa hiyo usiendeshe boila kwa moto mdogo sana saa nyingi, usiwashe na kuzima mara kwa mara, na okota mawe ya manjano kabla ya kupakia. Bati likitoboka, lisibandikwe kiraka cha muda: moshi unaotoka hapo unaingia chumba cha boila.

Dalili ya 7: Rundo la makaa linafuka bila kuwashwa

Makaa hula hewa polepole hata yakiwa yamelala, na kula huko kunazaa joto. Rundo likizuia joto lisitoke, linajipandisha hadi linashika. Makaa machanga yenye gesi nyingi, chenga, na rundo refu lililomwagwa kwa kuteremka kutoka kwenye tipa, mabonge yakabingirikia chini na chenga zikabaki katikati, ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko wote. Mvua za kwanza baada ya kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kipindi cha kuangalia zaidi, kwa sababu makaa makavu yakilowa hutoa joto la ziada.

Lundika kwa tabaka, shindilia kila tabaka, usizidi mita 2. Usiache vipande vya mbao, matambara yenye mafuta wala maboya ya zamani ndani yake. Tumia ya kwanza kuingia kwanza.

Kila wiki chomeka nondo hadi katikati ya rundo, iache dakika 10, ichomoe uiguse. Ikiwa mkono hauvumilii kuishika, umekaribia nyuzi 60 au umeshapita. Harufu kama ya mafuta ya taa au lami, na jasho juu ya rundo asubuhi, ni dalili za mapema zaidi.

Likiwa na joto bila moshi: chimbua sehemu hiyo, itandaze unene wa sentimita 30 ipoe, na ichomwe kwanza. Usipige maji juu ya rundo lenye moto ndani. Maji yanaishia juu, mvuke na gesi zinazoweza kulipuka zinajikusanya chini, na mtu aliyesimama juu anaweza kutumbukia kwenye shimo lililoungua ndani.

Acha hapo: moshi ukionekana, au rundo liko ndani ya ghala lililofungwa, usiingie. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Dalili ya 8: Mpishi anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu

Usiite uchovu. Makaa mekundu yasiyo na mwali wala moshi, yale yanayoonekana "safi", ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Sababu za kawaida ni jiko kuingizwa ndani wakati wa mvua, dampa kufungwa usiku ili moto udumu, na dohani iliyozibwa na masizi au kiota cha ndege.

Fungua milango yote, toa watu nje, wahesabu. Aliyezimia avutwe nje na mtu asiyekaa ndani zaidi ya sekunde chache, kisha apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa sababu hali inaweza kurudi baadaye. Waeleze wauguzi kwamba kulikuwa na makaa ya mawe ndani. Jikoni hapo pasiwashwe tena hadi dohani isafishwe na patobolewe matundu mawili ya hewa, moja karibu na sakafu na jingine chini ya dari, yasiyoweza kufungwa.